Ahadi ni Deni, Si Sadaka



Chama kikishatia sahihi mkataba na tajiri, mshahara uliokubaliwa ni haki yetu. Tajiri hawezi kuja mwisho wa mwezi akasema amewanunulia askari wa lango bunduki mpya, kwa hiyo tupokee pungufu. Lakini hivyo ndivyo Serikali ya Uingereza ilivyozifanyia nchi maskini tarehe 25 Februari 2025.

Tukumbuke mambo yalivyoanza. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa uliazimia kwamba kila nchi tajiri itoe msaada wa maendeleo usiopungua asilimia 0.7 ya pato lake, yaani shilingi 7 katika kila shilingi 1,000. Uingereza ilikifikia kiwango hicho mwaka 2013, ikakitungia sheria mwaka 2015, kisha mwaka 2021 ikashuka hadi shilingi 5. Siku hiyo ya Februari, Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba ifikapo 2027 zitabaki shilingi 3, ili fedha ziende jeshini. Linalotuuma zaidi ni kwamba chama chake, Labour, kiliasisiwa mwaka 1900 kwa nguvu za vyama vya wafanyakazi.

Wako watakaouliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Kasese na Bwera? Yanatuhusu sana. Juni 2019 ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo ikafika Bwera, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka 5. Hospitali ya Bwera ilikuwa na mahali pa kuwatenga wagonjwa. Wauguzi wengi walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Pale Mpondwe wasafiri walikuwa wakipimwa joto. Mtoto yule alifariki, na bibi yake pia, lakini ugonjwa haukuenea nchini. Maandalizi hayo yalifanywa kwa jasho la wafanyakazi wetu na kwa fedha za wafadhili, Uingereza ikiwemo.

Marekani nayo ilisimamisha misaada yake tarehe 20 Januari 2025. Siku 10 baadaye Uganda ilitangaza mlipuko mwingine wa ebola, safari hii Kampala. Aliyekufa wa kwanza alikuwa muuguzi. Mfanyakazi mwenzetu.

Wala tusiambiwe kwamba tunaomba sadaka. Tangu mwaka 1956 reli ilibeba shaba ya Kilembe kutoka Kasese, na wenye hisa nyingi walikuwa wageni. Shaba ilikwenda na faida ikaenda. Sisi tulibakiwa na makapi ya madini kando ya mto Nyamwamba.

Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi kule Abuja, Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Bajeti zetu za miaka ya karibuni hazikufika hata asilimia 10. Tukiwapigia kelele Waingereza na kuinyamazia Kampala, tutakuwa wanafiki.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, nchi tajiri zirudi kwenye shilingi 7 zilizoahidi, na zisihesabu kama msaada fedha wanazotumia kwao wenyewe. Mwaka 2023 zaidi ya robo ya msaada wa Uingereza ilitumika huko huko kuwatunza wakimbizi. Pili, Serikali yetu itimize ahadi ya Abuja, ikianzia na hospitali za mpakani. Tatu, wenzetu wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza wakikumbushe chama walichokizaa kwamba mkataba hauvunjwi na upande mmoja.

Ahadi ni deni. Muuguzi wa Bwera aliyeingia chumba cha ebola amekwisha kulipa sehemu yake. Sasa walipe walioahidi.

Umoja ni nguvu!