Unafuu wa kinyago cha Changamwe unalipwa na nani?

Mgeni anayetoka katika uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, akiifuata barabara ya Port Reitz, hupita karibu na mabanda ya chama cha ushirika cha Akamba Handicraft, kilichoanzishwa Changamwe mwaka 1963. Mlio wa tezo husikika kabla ya mabanda yenyewe kuonekana. Ndani, kazi imegawanyika kwa ustadi: huyu ni fundi wa twiga, yule wa kifaru, na mwingine amezeeka akichonga ndovu tu. Kazi ikishapigwa msasa na kung'arishwa hupelekwa katika duka la chama, na juu yake huwa pana bei pamoja na namba ya mwanachama aliyeichonga, ili ikinunuliwa ijulikane ni nani wa kulipwa.

Huo ni utaratibu wa heshima, na ni wachache kati ya mafundi wetu wadogo walio nao. Lakini ndovu yule yule, au ndugu yake wa tumbo moja, hutembezwa ufuoni Bamburi na Diani kwa bei iliyo chini zaidi, na jua linapokaribia kutua bei hiyo huteremka tena. Mtalii hufurahi kwa kudhani ameokota embe chini ya mnazi. Mchuuzi naye huambua senti za chakula cha jioni. Pasipo shaka mtu fulani ameilipia tofauti hiyo, na tangu hapo wachambuzi wetu wa mambo ya uchumi hawajishughulishi kumtafuta.

Kwa maoni yangu waliolipa ni wawili, yaani mti na fundi.

Tuanze na fundi. Wakamba hawakuwa na mila ndefu ya kuchonga sanamu za kuuza. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi humtaja Mutisya wa Munge, mzaliwa wa Wamunyu katika Machakos, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza sanaa hiyo kwa wachongaji wa huko, kisha akarudi nayo kijijini kwake. Kutoka Wamunyu kazi ilisambaa hadi Nairobi na Mombasa, nao wanunuzi wakabadilika, kutoka walowezi na askari wa enzi ya ukoloni hadi watalii walioletwa na ndege. Kilichobaki vile vile ni tabia ya soko lenyewe. Mnunuzi ni mpita njia. Hanunui kwa sababu anakihitaji kitu, bali kwa sababu anaondoka kesho. Mbao hazijui, fundi hamjui, na hatarudi kulalamika wala kusifu.

Soko la namna hiyo humwadhibu fundi mwangalifu. Maadamu mnunuzi hawezi kutambua muhugu uliokaushwa vyema na ubao mbichi uliochongwa jana, kwa nini fundi asubiri? Gogo bichi ni laini, tezo hupenya bila taabu, na kazi ya siku mbili huisha kwa siku moja. Ndovu huyo akishafika katika nyumba yenye joto la mitambo huko London au Frankfurt, hupasuka kuanzia mgongoni hadi tumboni. Halafu kuna ile hila inayojulikana na kila mtoto wa Magongo, ya kuupaka mti mweupe rangi nyeusi ya viatu ukaitwa mpingo. Hila hiyo humnufaisha aliyeuza leo, ilhali anayeuza mpingo wa kweli kesho huulizwa kwa nini bei yake ni ghali.

Sasa tuutazame mti. Miti iliyowajengea wachongaji wetu jina ni muhugu na mpingo, na yote miwili hukua kwa mwendo wa kinyonga. Mpingo huweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kupata unene wa kumfaa mchongaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba wachongaji nchini Kenya walikuwa wapatao 60,000, kwamba biashara ya nje ya vinyago iliingiza yapata dola milioni 20 kwa mwaka, na kwamba zaidi ya miti 50,000 ilikuwa ikianguka kila mwaka kwa ajili hiyo. Muhugu wa Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 katika Kilifi, ulionja shoka hizo kama misitu mingine ya bara ilivyozionja.

Gogo la muhugu linapofika Changamwe, bei yake huwa ni jumla ya mkataji, mbebaji, lori, na pengine kitu kidogo njiani. Miongo ambayo mti ulitumia kukua haimo kabisa katika hesabu hiyo. Hapo ndipo unafuu wa kinyago huanzia: kitu kilichochukua maisha ya binadamu mzima kukua huhesabiwa kuwa bure. Kadiri misitu ya karibu inavyokwisha, magogo hutoka mbali zaidi na gharama hupanda. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyotangazwa Februari 2018 na ambayo serikali ilitangaza kuiondoa Julai 2023, ilizidi kukaza kamba. Fundi hawezi kuihamisha gharama hiyo kwa mnunuzi, kwa kuwa jirani yake katika banda la pili anachonga twiga yule yule. Basi huikata katika ujira wake mwenyewe.

Juu ya hayo, soko lenyewe huugua homa za ghafula. Agosti 1997 fujo za Likoni ziliwafukuza watalii Pwani nzima. Novemba 2002 hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake kuhusu Mombasa, na kampuni ya Thomson ikawarudisha wateja wake kwa ndege kabla ya likizo zao kwisha. Machi 2020 safari za ndege za kimataifa zilisitishwa kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tena Agosti. Kila mara mchongaji wa Changamwe, ambaye hakurusha jiwe wala kutega bomu, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulala njaa. Hoteli hufunga milango na kuwapa wafanyakazi likizo. Mchongaji hana wa kumpa likizo.

Naomba msomaji avumilie nimpeleke mbali kidogo, hadi mji wa Saint-Claude katika milima ya Jura, nchini Ufaransa, kwani wenyeji wa mji huo waliwahi kusimama mahali tuliposimama sisi. Kwa karne nyingi mahujaji walikwenda huko kuzuru kaburi la mtakatifu, nao mafundi wa mji waliwauzia tasbihi na vikorokoro vingine vya mbao. Hao nao walikuwa wakimtegemea mpita njia. Ilipofika katikati ya karne ya 19 walianza kutengeneza viko vya kuvutia tumbaku kwa kifundo cha mzizi wa mti uitwao briari, unaoota katika nchi zinazopakana na bahari ya Mediterania. Kabla ya hapo Wazungu wengi walivuta kwa viko vya udongo vilivyovunjika upesi, na wenye nacho kwa viko vya jiwe jepesi jeupe liitwalo meashamu. Kiko cha briari hakikuungua wala kuvunjika upesi, na mtu wa kipato cha kawaida aliweza kukinunua. Mji mdogo wa milimani ukawa makao makuu ya viko ulimwenguni.

Mti wenyewe, nitaje kwa kupita, si mgeni kwetu. Spishi hiyo hiyo huota katika miinuko ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, ndani ya hifadhi, na heri ibaki huko.

Kinachonivutia katika kazi ya Saint-Claude ni mambo mawili. La kwanza ni subira. Kifundo cha briari hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha huachwa kikauke kwa miezi, pengine miaka, kabla ya fundi kukitoboa. Anayeruka hatua hiyo huuza kiko kinachopasuka mdomoni mwa mteja, na mteja huyo anakaa mtaa wa pili. La pili ni uainishaji. Mzizi huficha vishimo na mchanga ambavyo havionekani mpaka chuma kipite juu yake. Kiko kilichotoka bila dosari kilipigwa chapa ya mwenye karakana na kuuzwa ghali. Kilichotoka na vishimo kilizibwa, kikapakwa rangi na kuuzwa kwa bei nafuu bila ile chapa kubwa. Karakana moja iliweza kumhudumia tajiri na kibarua bila kumdanganya yeyote kati yao. Unafuu ulitokana na dosari iliyokubaliwa waziwazi. Ujira wa fundi haukulazimika kupunjwa ili bei ishuke.

Wanafunzi wa Kiswahili wasidhani kwamba kiko ni habari ya Wazungu peke yao. Kiko cha kale cha Waswahili kilikuwa chombo chenye sehemu zake na majina yake: bori iliyotiwa tumbaku, digali iliyotoka kwenye bori hadi kwenye chombo cha maji, ambacho ndicho hasa kilichoitwa kiko, na shilamu iliyoingia mdomoni. Hata mlio wa maji wakati wa kuvuta ulikuwa na jina, malio. Kitu kisichotumika hakipewi majina mengi namna hiyo. Tena katika miaka ya 1950 na 1960 kampuni ya Tanganyika Meerschaum ya Arusha ilitengeneza viko kwa jiwe la bonde la Amboseli, ikaviuza ng'ambo kwa jina hilo hilo la Kiko. Malighafi ya hapa, jina la hapa, na kitu ambacho mnunuzi alikishika kila siku.

Sisemi kwamba wachongaji wa Changamwe wageukie viko. Madhara ya tumbaku yanajulikana, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ipo tangu 2007, na hata shisha, mjukuu wa kile kiko cha maji, ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017. Ninachosema ni kwamba mafundi wa Saint-Claude waliokoka siku walipoacha kumtegemea mgeni anayenunua kumbukumbu, wakamtafuta mtu anayenunua kitu cha kutumia.

Mtu huyo tunaye. Yuko Kisauni, yuko Likoni, yuko Mikindani. Anahitaji mwiko, upawa, kibao cha kusukumia chapati na mbuzi ya kukunia nazi isiyoyumba. Anahitaji kitanda cha mtoto na bao la kuchezea jioni barazani. Leo vingi katika vitu hivyo hununuliwa vikiwa vya plastiki kutoka ng'ambo, au huundwa na seremala wa kubahatisha, ilhali mikono yenye uwezo wa kuutoa mkonga wa ndovu katika ubao bila kuuvunja inamsubiri mtalii. Mchongaji atajibu kwamba yeye ni msanii na si mtengeneza miiko. Namheshimu. Lakini wachongaji wenye kipaji hicho hasa ni wachache katika kila banda, na wenzao wanajua ni akina nani. Hao waendelee na sanamu, wachonge chache na nzuri, na ile namba ya mwanachama iwe chapa kamili ya kujivunia mbele ya mnunuzi. Wengine wapate riziki isiyokatizwa na tangazo la balozi.

Kwa kazi hiyo miti ipo. Kuanzia miaka ya 1990 mpango ulioyashirikisha mashirika ya WWF na Unesco pamoja na bustani ya Kew ya Uingereza uliwahimiza wachongaji wahamie mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Mwarobaini uliletwa kutoka Bara Hindi, nao umeenea Pwani hata unaota penye kifusi. Aliyeupanda akiwa kijana huweza kuukata kabla hajazeeka. Mashamba ya Pwani yalifikia hata kupewa cheti cha kimataifa cha utunzaji wa misitu. Mkulima wa Kilifi mwenye miarobaini kumi mpakani mwa shamba lake ana sababu ya kupanda mingine akijua kuna wa kuinunua. Kwa nini basi muhugu haujaachwa kabisa? Ni kwa sababu mwarobaini ukichongwa mbichi hupasuka, na kuukausha kunahitaji muda.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtaala wa umahiri umewajaza wazazi orodha za vifaa, na shule zinanunua maumbo ya hesabu, herufi na vifaa vya kuchezea vya plastiki vinavyovunjika kabla ya muhula kwisha. Tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vijana wa Changamwe wanaopiga msasa kwa malipo ya kipande wangeweza kujiandikisha kama kikundi na kuomba zabuni ya kuzipatia shule za kaunti vifaa vya mbao. Itawalazimu kutengeneza vipande mia vinavyolingana, jambo ambalo fundi wa twiga hajazoea, na katika zabuni ya kwanza huenda wakapata hasara.

Linalobaki ni gumu kuliko yote, nalo ni ile miezi ya kukausha. Banda la kukaushia si ghali: nguzo, paa, kivuli na upepo wa bahari ambao hautozwi kodi. Ghali ni fundi kununua gogo Januari na kusubiri hadi katikati ya mwaka, huku watoto wakitaka karo na unga. Chama cha ushirika ndicho peke yake chenye uwezo wa kununua magogo ya mwarobaini kwa jumla, kuyapasua, kuyakausha, kisha kuyauza kwa wanachama yakiwa tayari, kwa mkopo unaokatwa katika mauzo. Fedha hizo zitatoka wapi ni jambo la kuulizwa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama, na la kuulizwa pia katika ofisi ya ushirika ya kaunti, ambayo bajeti yake hulipiwa na kodi zetu sote.