Misuli si Ushahidi

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Barazani msemo huu una kazi yake, lakini ukiupeleka kwenye kura ya kumpa mwanamichezo heshima ya maisha yake unageuka dhuluma. Jeff Bagwell, mchezaji wa besiboli wa Houston Astros, aliyaonja hayo.

Bagwell alicheza besi ya kwanza misimu 15, tangu 1991 hadi 2005. Alipiga homurani 449, ile mipigo inayovusha mpira nje ya uzio, na mwaka 1994 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake bila kura hata moja ya nafasi ya kwanza kwenda kwa mwingine. Lakini mwaka 2011, waandishi wa besiboli walipompigia kura kwa mara ya kwanza ya kuingia Jumba la Heshima la Cooperstown, alipata asilimia 41.7 tu. Anayeingia hutakiwa kufikisha 75.

Kilimponza nini? Hakuwahi kukutwa na steroidi, dawa za kujenga misuli. Ripoti ya Mitchell ya Desemba 2007 kuhusu dawa hizo katika besiboli, iliyotaja wachezaji zaidi ya 80, haikumtaja. Alikiri kutumia androstenedioni, kirutubisho kilichouzwa madukani na ambacho ligi haikukipiga marufuku hadi 2004. Mengine yote yalikuwa ya macho: mikono yake imenenepa, na kijana aliyepiga homurani sita tu katika ligi za chini amepata wapi nguvu hizi? Akikana, huambiwa hata mwongo hukana. Akinyamaza, ana la kuficha. Mtu atajiteteaje mbele ya tuhuma inayoshiba kwa kila jibu?

Na jicho lenyewe ni shahidi mbovu. Adhabu za hadharani zilipoanza mwaka 2005, wa kwanza kufungiwa alikuwa Alex Sanchez wa Tampa Bay, mtu wa mbio ambaye hakuna aliyemwogopa kwa homurani. Mwaka 2016 alifungiwa mechi 80 Dee Gordon wa Miami Marlins, mwembamba, hodari wa kuiba besi. Warushaji nao wamekamatwa, mmoja baada ya mwingine. Anayewapanga wachezaji kwa upana wa mabega angewapitisha hawa wote na kumzuia asiye na kesi.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito. Wanasema miaka ya tisini hapakuwa na vipimo, basi ushahidi ungetoka wapi? Wapo pia wachezaji waliokataa dawa, wakapokonywa nafasi na waliozitumia, na hao hakuna anayewakumbuka. Ni kweli, na inauma. Ila kumwadhibu mtu kwa kumdhania hakumrudishii hata mmoja wao mkate wake. Na pengo la vipimo halikuachwa na Bagwell. Waraka wa kukataza steroidi ulitolewa mwaka 1991 bila upimaji wowote nyuma yake. Mgomo wa wachezaji wa 1994 ukafuta fainali na kuwakasirisha mashabiki. Mwaka 1998 Mark McGwire alipofikisha homurani 70 na Sammy Sosa 66, viwanja vikajaa tena. Mwandishi mmoja aliona chupa ya androstenedioni kwenye kabati la McGwire na kuliandika jambo hilo. Alilaumiwa yeye.

McGwire alikuja kukiri steroidi mwaka 2010. Rafael Palmeiro alikutwa nazo mwaka 2005, miezi michache baada ya kukana mbele ya Bunge la Marekani. Hao wana jambo la kujibu, na mpiga kura anayewanyima kura namwelewa. Lakini ukiweka la kupimwa na la kudhaniwa kwenye kapu moja, unamfanya mkosaji aonekane mwenzake kila mtu mwenye misuli. Anayefaidika hapo ni mkosaji.

Bagwell aliingia kwenye kura ya saba. Alisimikwa katika heshima hiyo tarehe 30 Julai 2017, na jukwaani siku hiyo alikuwepo pia Bud Selig, aliyeiongoza besiboli kuanzia 1992, miaka yote ile dawa zilipokuwa zikipita vyumbani mwa wachezaji. Selig aliingizwa na kamati ndogo. Kati ya kura 16 alipata 15.