Watendaji wa Ustawi Wasiachwe Peke Yao

Tangu mwezi wa Aprili, 2016, Serikali ya Mapinduzi Zanzibar imekuwa ikiwalipa wazee waliotimiza umri wa miaka 70 fedha za kila mwezi zinazojulikana kwa jina la Pensheni Jamii. Mzee haulizwi utajiri wake wala umasikini wake. Akiwa ni mkaazi na umri wake umetimia, hiyo ni haki yake. Zanzibar ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya Mashariki kuanzisha malipo ya namna hiyo kwa wazee wote na kuyagharimia kutoka hazina yake yenyewe. Kiwango cha mwanzo kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na katika Awamu ya Nane kikapandishwa hadi shilingi 50,000.

Mengi yamekwishasemwa juu ya fedha hizo na juu ya wazee wanaozipokea. Machache sana yamesemwa juu ya watu wanaozifikisha: ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, karani anayeshika orodha, sheha anayethibitisha kwamba Bi fulani ndiye na yungali hai. Kwa upande wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao TASAF iliuanza mwaka 2012 na ambao kwa Zanzibar unaratibiwa na Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, wapo pia wawezeshaji na kamati za wananchi katika shehia. Hawa ndio Serikali mbele ya macho ya mtu masikini. Sera ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2014 iliandikwa kwa ufasaha, lakini mzee wa Nungwi hajapata kukutana na sera. Amekutana na karani. Karani akiwa hajui, sera haijui. Na karani akiwa mkali, basi Serikali nzima ni kali.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kabla ya kusema nini kifanyike, kwa sababu wengi wanaodhani kwamba ni kazi ya kuhesabu noti hawajapata kuifanya. Jambo la kwanza ni umri. Sheria inasema miaka 70, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinaonyesha tarehe ya kuzaliwa. Lakini tarehe hiyo iliandikwa na nani? Wazee wengi wa mashamba walizaliwa mikononi mwa mkunga wa kijiji, bila ya cheti, na tarehe iliyomo katika karatasi zao ilikisiwa na mwandishi aliyekuwa na haraka. Wenyewe wanahesabu kwa matukio. Mmoja atasema alizaliwa mwaka wa mgomo mkuu ulioanzia bandarini, nao ni 1948. Mwingine atasema mama yake alikuwa na mimba yake wakati wa Vita vya Ng'ombe vya Kiembesamaki, navyo ni 1951. Ofisa anayeijua historia ya kisiwa chake angeweza kusema mara moja, mwaka 2016, kwamba wa kwanza alipaswa kungoja hadi 2018 na wa pili hadi 2021 au mwaka uliofuata. Asiyeijua atamrudisha mzee mara tatu kwa barua, kisha atakubali au atakataa kwa kubahatisha. Na huko Makunduchi, ambako Mwaka Kogwa huadhimishwa kila mwaka na wazee wangali wakihesabu siku za kilimo kwa miongo, kijana aliyetoka mjini anahitaji mtu wa kumfasiria hata kabla hajafungua daftari.

Jambo la pili ni makaazi. Katika Mji Mkongwe, mama mzee aliyekaa Kiponda au Mkunazini miaka arubaini, juu ya ghorofa lenye ngazi zinazooza, anahamishwa na wanawe kwenda Fuoni ili awe karibu nao. Sheha wa kule alikotoka anamjua tangu utoto wake yeye sheha, lakini hayumo tena katika shehia yake. Sheha wa Fuoni hajapata kumwona. Kila mmoja, kwa nia njema kabisa na kwa kuogopa lawama, anamwelekeza kwa mwenziwe. Hapa hapana mwizi wala mvivu. Wapo watumishi wawili ambao hawajapata kukaa pamoja wakakubaliana jambo dogo, yaani nani anaandika barua, nani anaipokea, na mama apokee wapi fedha zake wakati karatasi zinasafiri.

Jambo la tatu watu hawapendi kulitaja. Mzee akifariki, jina lake lazima litoke katika orodha. Anayelitoa ni mtu yule yule aliyekuwa msibani, aliyebeba jeneza, na ambaye kesho yake atakutana na wafiwa sokoni. Akichelewa, fedha za umma zinaendelea kutoka kwa jina la marehemu. Akiharakisha, ataambiwa hana utu. Hakuna fomu inayomfundisha mtu namna ya kuingia katika nyumba ya msiba na kuomba kitambulisho cha maiti. Lakini wapo masheha waliokwisha kulifanya hilo mara nyingi kwa heshima, na wanajua siku ifaayo, maneno yafaayo na mtu wa kumtanguliza.

Walimu nao wasidhani kwamba habari hii haiwahusu. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, sehemu ya ruzuku ina masharti: mtoto ahudhurie skuli si chini ya asilimia 80 ya siku za masomo, na mdogo apelekwe kliniki. Nani anayejua kama mtoto amehudhuria? Mwalimu, kwa daftari lake la mahudhurio. Kwa hiyo alama moja ya kalamu inayowekwa saa mbili asubuhi huko Jambiani inaweza kupunguza fedha za chakula cha nyumba nzima mwezi unaofuata. Mwalimu amekuwa msimamizi wa misaada bila ya kuteuliwa na bila ya kuandaliwa. Daftari likijazwa kwa mazoea tu, kaya inaadhibiwa bila ya kosa. Likijazwa kwa huruma, kila mtoto akawekwa kuwa yupo, sharti linakuwa ni mchezo wa kuigiza, na mtoto aliyeacha masomo hagunduliwi hadi mwaka umekwisha.

Huko huko Jambiani na Paje, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, upo mfano unaostahili kuwafikia wote wanaopanga kalenda maofisini. Wanawake wa mwani hufanya kazi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na siku hizo hazingoji mtu. Karani aliyepanga siku ya malipo au ya uhakiki kwa kutazama kalenda ya ukutani, akaiangusha katikati ya bamvua, anamlazimisha mama achague baina ya ruzuku na mavuno. Akija pwani, mwani unapotea. Asipokuja, anaandikwa kuwa hakufika. Ofisa wa Wilaya ya Kusini aliyekaa huko miaka michache anajua jambo hili kama anavyojua jina lake. Aliyehamishwa jana kutoka Wilaya ya Mjini halijui, na waraka hauwezi kumfundisha. Aliyemtangulia angeweza kumfundisha kwa dakika tano, lau wangekutana.

Hapana haki kusema kwamba mafunzo hayapo kabisa. TASAF huwafunza wawezeshaji wake kabla ya uandikishaji na malipo. Shirika la Kazi Duniani, pamoja na UNICEF na mashirika mengine, limeandaa kwa ajili ya watendaji wa hifadhi ya jamii barani Afrika mafunzo yanayoitwa TRANSFORM, na sifa yake kubwa ni kwamba mtumishi hujifunza kwa kujadiliana na mtumishi mwenziwe kazi wanazozifanya, badala ya kusomewa. Chuo cha Utawala wa Umma kipo Tunguu, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipo. Upungufu ni wa aina nyingine. Mafunzo mengi hutolewa mara moja, mradi unapoanza, na huhusu namna ya kujaza fomu. Yakimalizika, watu hupiga picha, hugawana posho na hutawanyika. Mwaka wa pili nusu yao wamehamishwa. Waliobaki wanaendelea na yale waliyoyakumbuka, na matatizo mapya, ambayo hayakuwamo katika fomu, kila mmoja huyatatua peke yake usiku nyumbani kwake.

Mfano wa kuigwa hautafutwi mbali. Zanzibar ina vituo vya walimu, kama vile vya Dunga, Mkwajuni na Kitogani, ambavyo msingi wake ni kwamba mwalimu hujifunza kwa mwalimu. Anayefundisha hesabu vizuri huonyesha wenziwe, na anayeshindwa husema ameshindwa wapi. Hapana sababu ya msingi inayozuia watendaji wa ustawi wa jamii wa Mkoa wa Kusini Unguja, kwa mfano, kukutana siku moja kila mwezi katika majengo hayo hayo, saa za kazi, pamoja na masheha wachache na mwalimu mkuu mmoja au wawili kwa zamu. Kila mmoja alete shauri moja lililomshinda. Majina ya wanaosaidiwa yasitajwe, kwani siri ya mtu masikini ni siri kama ya mtu mwingine yeyote. Shauri lizungumzwe, uamuzi uandikwe katika daftari, na daftari libaki ofisini hata ofisa akihamishwa. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa na thamani kuliko mtaala wowote ulioagizwa, na Chuo cha Utawala wa Umma kinaweza kulifanya kuwa somo. Gharama yake ni nauli ya daladala na chai. Bahasha ya posho si sharti la kufikiri.

Kwa ofisa mpya iwekwe kanuni nyepesi: asishike orodha peke yake mpaka amefuatana na mkongwe katika mzunguko mmoja mzima wa malipo, nyumba kwa nyumba, pamoja na nyumba moja ya msiba.

Wapo watakaosema kwamba watendaji wakikaa pamoja watafundishana hila. Hofu hiyo haina budi kujibiwa kwa sababu fedha za wanyonge zimepata kuvuja. Mwaka 2016 TASAF iliondoa katika orodha zake nchini makumi ya maelfu ya kaya zilizoonekana hazistahili. Ulaji ulikuwamo, hapana shaka. Lakini orodha mbaya hutokana pia na mtu mmoja aliyeachwa na ndugu zake, jirani zake na woga wake, bila ya mwenziwe wa kumwuliza, "Huyu mmemwingiza kwa kipimo gani?" Sheha ni mjomba wa nusu ya shehia yake. Kumtaka akatae peke yake, mbele ya shangazi yake, ni kumtaka awe malaika. Akiweza kusema kwamba shauri lilizungumzwa na wenziwe wa shehia nyingine na hivyo ndivyo lilivyoamuliwa, mzigo umegawanyika na shangazi hana wa kumnunia. Hila hustawi zaidi palipo na mtu mmoja na daftari moja.

Tena kuna uchovu, ambao katika ofisi za Serikali hauna safu katika fomu yoyote. Ofisa wa ustawi huingia siku moja katika nyumba tano ambamo hakuna kilichopikwa, kisha hurudi kwake kula. Baada ya miaka, ama moyo wake unakuwa mgumu, akaanza kuwaita watu "kesi", ama anaomba uhamisho. Wote wawili wamepotea kwa kazi hii. Katika mabaraza ya Mji Mkongwe watu hukaa jioni wakatuana mizigo ya mchana, lakini ofisa huyu hawezi kusema barazani aliyoyaona, kwa kuwa ni amana. Mahali pake pa kusemea ni mbele ya wenziwe wa kazi walio na amana hiyo hiyo. Mkuu wa idara anayeona kuwa huko ni kupoteza wakati ahesabu gharama ya kumfunza ofisa mpya kila mwaka.

Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto inaweza kuanza na wilaya mbili, moja ya mjini na moja ya shamba, tuseme Mjini na Kaskazini A, bila ya kungoja mfadhili. Muda wa maandalizi upo, ingawa si mrefu. Waliozaliwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar, Julai 1957, wanatimiza miaka 70 mwaka 2027, na wengi wao hawana cheti cha kuzaliwa. Watafika kwa masheha na ushahidi wao wa mdomo, na inafaa masheha hao wawe wamekwisha kubaliana namna ya kuwasikiliza.