Naitetea "Mvutano"

Wapo wapenzi wa lugha wanaotutaka tuandike "mawimbi ya graviti" na tuache "mawimbi ya mvutano". Hoja yao ni kwamba mvutano, kwa Mswahili, ni ugomvi: wa mume na mke, wa chama na chama. Neno la barazani, wanasema, haliwezi kubeba fizikia. Mimi nasema linaibeba, tena kuliko hilo la kuazima.

Tulitazame umbo lake. Ndani ya kitenzi "vuta" kimeingia "-an-", kiambishi cha kutendana: anayevuta naye huvutwa. Newton alihitaji kanuni nzima kulieleza hilo. Sisi tumepewa na sarufi.

Sasa tuitazame mbingu. Tarehe 14 Septemba 2015, vituo viwili vya LIGO nchini Marekani, kimoja Hanford na kingine Livingston, vilinasa mtikisiko wa sekunde 0.2 hivi. Chanzo chake kilikuwa mashimo meusi mawili, moja lenye tungamo la kama majua 36, la pili kama majua 29, umbali wa miaka ya nuru ipatayo bilioni 1.3. Yalizungukana, yakakaribiana, yakagongana, yakaungana. Hebu zihesabuni hizo "-an-".

Na mawimbi yenyewe hufanya nini? Huivuta nafasi upande mmoja huku yakiibana upande wa pili, kisha hugeuza. Ndiyo maana kila kituo kina mikono miwili ya kilomita 4, iliyokutana kwa pembe mraba, na miali ya leza huulinganisha urefu wake. Badiliko lililopimwa siku ile lilikuwa dogo kuliko upana wa protoni kwa mamia ya mara.

Mpinzani wangu atasema: Einstein, aliyeyatabiri mawimbi haya mwaka 1916, alifundisha kwamba hakuna kuvutana, ila nafasi na wakati hupinda. Ni kweli. Lakini "graviti" nayo asili yake ni Kilatini, na maana yake huko ni uzito. Je, uzito ndio kupinda? Maneno yote mawili yana umri kumzidi Einstein, na yote mawili yanapungukiwa mbele ya nadharia yake. Tofauti ni kwamba moja humwachia mwanafunzi wa Kiswahili fununu ya jambo lenyewe, na jingine humwachia sauti tupu ya kukariri.

Siukatai ukopaji, leza na protoni nimeziandika hapa bila haya. Ninachokataa ni kuazima kile tulicho nacho, kwa kosa la kukizoea tu. Malenga na wahariri wenzangu, neno kusikika barazani si dosari yake. Hiyo ndiyo sifa inayolistahilisha kuingia darasani.