Raba ya Mawe Haichaguliwi kwa Bei

Mkazi wa Al-Naseem, mashariki mwa Riyadh, akitaka njia ya mawe ya kukimbilia huvuka jiji kwenda magharibi, hadi Bonde la Hanifa na kingo za Tuwaiq, safu ya mawe ya chokaa yenye urefu wa kilomita 800 hivi. Mwenzake wa Al-Naseem ya Jeddah huelekea milima ya Al Hada, njia ya Taif. Ushauri mwingi wa raba tunaopeana, hata hivyo, ni wa barabara ya lami. Tuupime.

“Bikila alikimbia peku.” Kweli, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, lakini katika barabara za mji. Tokyo, mwaka 1964, alishinda tena akiwa na viatu. Wanaojua mawe na miiba kwa kuishi navyo, yaani wafugaji wa Kimaasai, huvaa katambuga za matairi. Wayo unahitaji kitu kigumu chini yake.

“Sponji ikiwa nene, umepona.” Kwenye lami, huenda. Juu ya jiwe lililoinama, sponji nene na laini hubonyea upande mmoja, na kwa kuwa mguu umeinuliwa juu, kifundo huteguka kwa urahisi. Tafuta soli pana, kisigino kigumu kisichobonyea kwa kidole gumba, na bamba jembamba ndani ya soli la kuzuia ncha za mawe. Ishike raba ncha na kisigino, uizungushe kama unayekamua nguo: ikijisokota ovyo, irudishe rafuni.

“Mwenye nyayo bapa lazima anunue raba ya kuzuia mguu usilalie ndani.” Jeshi la Marekani lilijaribu kuwapa kurutu raba kwa kufuata umbo la nyayo, huku wengine wakipewa aina moja wote. Majeraha yakakaribiana. Utafiti wa Luxembourg uliotolewa mwaka 2016, wenye wakimbiaji 372, ulionyesha kuwa raba za kuzuia mguu usilalie ndani zilipunguza majeraha, hasa kwa wenye miguu inayolalia ndani. Basi zina faida, ila alama ya unyayo uliolowa sakafuni haitoshi kukuchagulia. Kimbia nayo kidogo, usikilize mguu.

“Chukua isiyopitisha maji, hudumu.” Riyadh hupata mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka. Maji utakayokutana nayo ni jasho lako, na raba hiyo hulifungia ndani mpaka malengelenge yatoke. Chukua ya wavu unaopumua, uliofumwa kwa karibu ili mchanga usipenye.

“Meno marefu hushika zaidi.” Hushika tope. Mwamba mkavu unataka mpira laini unaougusa kwa eneo kubwa, kwa hiyo meno mafupi na mapana yanatosha.

“Namba yako ni ile ile, ikibana, itazoea.” Mguu huvimba kwa joto na mwendo, na kwenye mteremko vidole husukumwa mbele hadi kucha ziwe nyeusi. Pima jioni, ukiwa na soksi utakazokimbilia. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kisha funga kamba hadi kisigino kisicheze. Raba inayouma dukani itauma zaidi kilomita ya 30, na huko Tuwaiq hakuna duka la kuibadilishia.