Afapo Bwana Misitu

Mtumishi wa misitu akifa huko Msangeni, katika Ugweno ya Upare wa Kaskazini, wasifu wake husomwa upesi mbele ya jeneza: alizaliwa mwaka fulani, akaajiriwa, akahamishwa mara kadha wa kadha, akastaafu, ameacha mjane na watoto. Kisha watu hutupa udongo. Sisi twasema wasifu wa namna hiyo haumtoshi marehemu, na tena wawadhulumu jamaa zake.

Mwashi akifa huacha nyumba, na mwalimu huacha wanafunzi. Kazi ya bwana misitu, ikifanywa vema, haionekani, kwa kuwa mti usiokatwa hauandikwi katika daftari lo lote. Mgeni autazamaye mlima Kindoroko, wenye zaidi ya mita 2,000, hudhani msitu ule umejikalia tu. Lakini maji ya milima ile ndiyo yaliyokusanywa usiku katika ndiva, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Mwenye mahindi humshukuru aliyechimba mfereji. Aliyeilinda chemchemi hamjui.

Wazee wa Upare walilitambua jambo hili kabla ya serikali yo yote. Koo zilikuwa na misitu yao ya jando na ya matambiko, wala mtu hakuingia na shoka apendavyo. (Tusiwapambe wazee kupita kiasi: Ugweno ilisifika kwa chuma, na tanuri za Washana zilikula makaa mengi.) Kisha wakaja Wajerumani, na baada yao Waingereza, wakaweka mipaka ya misitu ya serikali, na mlinzi wa msitu akawa mkono wa mkoloni, akitiwa fungu moja na mtoza kodi. Wenye kuikumbuka habari ya mbiru, maelfu ya Wapare walipokusanyika Same mwaka 1945 kuikataa kodi ile, wajua fungu hilo lilipendwa kiasi gani. Uhuru wa 1961 ulimbadili mwenye msitu, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikavipa vijiji haki ya kuwa na hifadhi zao wenyewe. Lakini kinyongo juu ya mlinzi hakifutwi kwa sheria.

Na hapa ndipo penye uzito wa maisha ya mtu huyu, ikiwa ni mzaliwa wa pale pale. Anayeteremka na gogo bichi begani ni shemeji yake. Mwenye msumeno usiku wa manane ni mwana wa mjomba. Akifumba macho, ameula mshahara wa wananchi bure. Akimshika, mkewe atanyamaziwa kisimani, na watoto wake wataitwa watoto wa askari. Hukumu ya kijiji haimwangukii yeye peke yake. Humwangukia hata mtoto wa darasa la pili asiyejua msitu una mipaka. Akihamishwa mbali, mke ndiye abakiye na kahawa na migomba, na wazee wa pande zote mbili, akingoja fedha ya mwisho wa mwezi.

Basi tukisema marehemu aliipenda jamaa yake, yatupasa kusema aliipenda kwa gharama gani, na ni nani aliyeilipa pamoja naye. Kuna watumishi waliokataa kitoweo cha rushwa huku watoto wao wakila ugali kwa mboga za majani. Sifa hiyo ni ya nyumba nzima.

Twawaomba wenye kuandika wasifu wa watu hawa walisome jina la mjane kabla ya vyeo vya mumewe, waseme ni msitu gani alioulinda na ni kijito gani kitokacho humo. Mafao yake nayo yafuatiliwe na jirani wenye kujua kusoma na kuandika, mjane asiachwe kupanda basi peke yake kila juma akiwa na bahasha mkononi. Nao waliopata kukamatwa na marehemu, waje mazikoni pasipo haya. Ng'ombe wao wanakunywa katika kijito kile kile.