Foleni ya Ujumbe na Lawama kwa Njia

Ujumbe unapolimbikana katika foleni ya kompyuta, wengi huilaumu njia ya mawasiliano kuwa ni nyembamba na kununua iliyo pana zaidi. Fedha hizo huweza kupotea bure. Mfano ni njia ya setilaiti iliyo kimo cha kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ujumbe na stakabadhi yake husafiri jumla ya kilomita zipatazo 144,000. Hata kwa mwendo wa nuru, hiyo ni karibu nusu sekunde. Kompyuta ingojayo stakabadhi ya kila ujumbe haitapitisha zaidi ya jumbe mbili hivi kwa sekunde, hata njia ikipanuliwa mara mia. Ikiruhusiwa kutanguliza jumbe 20 ndipo ingoje, itapitisha zipatazo 40, mradi njia haijajaa. Basi fundi na apime kwanza kama njia imejaa au imekaa kimya. Muuza njia hatamwambia.